Mtoto wa Tanga na flamingo la pinki

Mwaka juzi mwezi wa saba nilimtembelea kaka yangu Toulouse, akatupakia kwenye gari mpaka Argelès-sur-Mer, mji wa bichi kusini kabisa mwa Ufaransa, ukisogea kidogo uko Hispania. Njia nzima naongea mimi tu. Babu yetu mvuvi, mimi nimekulia Sahare, Tanga, bahari ndo imenilea, sasa hawa Wazungu na viboya vyao wataniambia nini. Shemeji anaitikia "eeh shemeji", nadhani alishachoka tangu Narbonne.

Kufika, upepo unavuma kutoka bara, wenyewe wanauita tramontane. Kwenye mlingoti wa waokoaji kuna bendera ya njano, na pembeni mfuko wa kitambaa rangi ya chungwa umejaa upepo, kama ule wa uwanja wa ndege. Nikajua pambo. Maji ya ukingoni yametulia tuli kama uji uliopoa, nikamwambia mtoto wa kaka, ana miaka 8, hebu mwazime ba'mdogo flamingo lako la kupuliza.

Nikalala chali, nikafumba macho kidogo tu. Kuja kufumbua, watu wa ufukweni wamekuwa saizi ya siafu.

Nikapiga kasia kwa mikono, dude linazunguka kama pia. Kumbe lile shingo refu limegeuka tanga, yaani mtoto wa Tanga ndo huyo anapelekwa na tanga! Maboya ya njano, yale wanayoweka mita 300 toka ufukweni, nikayapita hivi hivi. Nikajipa moyo, tulia bana, maji yakianza kujaa yatanirudisha. Baadaye ndo nikaambiwa Mediterania kujaa na kupwa kwake ni sentimita 30 hivi, wakati kwetu bamvua linapanda mita 3 na ushee, ningesubiri mpaka Krismasi.

Nikaona niruke niogelee. Nikatanguliza mguu, wallahi baridi ile! Ule upepo unasukuma maji ya juu yenye joto yaende zake huko mbele, ya chini ya baridi ndo yanapanda, jua la Julai linakuchoma kichwa huku mguu uko kwenye friji. Nikaurudisha mguu wangu haraka.

Muokoaji alipofika na boti alinikuta nimelikumbatia shingo nasoma kila dua ninayoijua na nyingine nabahatisha. Akaniambia leo umefanya jambo moja tu la akili, kubaki juu ya kitu kinachoelea, ungeruka ungeishiwa pumzi njiani. Akauliza, ule mfuko wa chungwa hukuuona? Si ndo unaonya kwamba haya mambo ya kupuliza ni hatari, upepo utayabeba. Nikamwambia niliuona. Sikumwambia habari za pambo.

Halafu akaniambia nichomoe kizibo, flamingo halitoshi kwenye boti likiwa limejaa. Basi likawa linapumua taratibu kifuani kwangu kama mgonjwa, fyuuuu, shingo likaniangukia begani, tukaingia ufukweni hivyo, bichi nzima imesimama, mtoto analia flamingo lake limekufa.

Usiku nikampigia mama Tanga nimsimulie, nikamalizia kwamba labda ni damu ya babu ndo iliyonituliza kule majini.

"Babu yupi?"

"Si babu mvuvi."

"Mvuvi? Babu yako alikuwa anauza samaki pale sokoni, chomboni alipanda siku moja akatapika mpaka wakamrudisha."

Kaka alikuwa ameweka spika.