Makaa ya mawe tuliyakataa. Moshi wa jikoni tumemwachia nani?

Lamu ilipigana na moshi ambao ulikuwa haujafuka bado, ikashinda. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, ulipangwa kujengwa Kwasasi upande wa bara, na wavuvi, wazee na kina mama wakaukataa kwa miaka: mabarazani, barabarani, kisha mbele ya sheria. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi huo kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyostahili, na Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Malindi ikaubakisha uamuzi huo. Waliosimama kidete walitetea mikoko, samaki na vifua vya watoto.

Vifua hivyo hivyo huvuta moshi alfajiri na magharibi, na moshi huo haujaitiwa maandamano. Unatoka kwenye mafiga ya nyumbani, kwenye kuni za mikoko na vifuu vya nazi, kwenye seredani za makaa. Wako wanaotaka kuni na makaa viondoke jikoni upesi, kwa amri ikibidi. Wako wanaosema hayo ni maneno ya watu wenye mishahara. Kila upande una ukweli wake. Ila wote hubishana juu ya bei ya mtungi wa gesi, na kwa maoni yangu si hapo panapouma zaidi.

Tuanze na madhara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Kinachodhuru zaidi si ule masizi unaoonekana darini. Ni chembe zilizo chini ya mikromita 2.5, ambazo pua haiwezi kuzizuia. Zinafika mwisho wa pafu na nyingine zinaingia damuni, ndiyo maana moshi wa jikoni unahusishwa na maradhi ya moyo na kiharusi, si kikohozi peke yake. Makaa nayo yana hadaa yake. Yakishakolea hayatoi moshi wa kuonekana, basi masika ikinyesha watu huyaingiza ndani na kufunga mlango. Kumbe hapo yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Wazee wa Amu, yaani mji wa Lamu, walilijua tatizo hili na wakalijengea jawabu. Katika nyumba za mawe jiko liliwekwa juu kabisa, karibu na paa la makuti, upepo wa bahari uuchukue moshi usishuke vyumbani. Lilikuwa jawabu zuri kwa mwenye ghorofa. Tusisahau pia kwamba katika nyumba za mabwana, waliosimama kwenye moshi ule hawakuwa mabwana. Leo wengi wa Langoni na Wiyoni, sawa na wa Maweni na Kisumu Ndogo kule Malindi, wamepanga chumba kimoja au viwili, na jiko ni kona ya ukumbi au nafasi chini ya ngazi. Na vichochoro vilivyo vyembamba havichagui: jirani akiwasha kuni, moshi wake unaingia dirishani kwako hata kama wewe unapikia gesi.

Wanaotetea kuni na makaa wana hoja ambazo si za kubeza. Makaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya pesa iliyopatikana siku hiyo. Gesi inataka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na mvuvi hajui kesho atarudi na nini. Mtungi wa Amu umepanda lori hadi Mokowe, ukapanda mashua, ukashushwa gatini, ukabebwa na punda au hamali, na kila mkono umechukua chake. Upande wa pili wa biashara hii wako watu wa sehemu za bara kama Witu, Hindi na Magarini ambao mvua ikikosa na mahindi yakikauka, gunia la makaa ndilo linalolipa karo. Pia ipo hofu ya moto. Mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024 haujasahaulika, na katika mji wa mapaa ya makuti na njia ambazo gari la zimamoto halipiti, hofu hiyo ina msingi, ingawa cheche ya kuni nayo si ngeni kwa makuti.

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote, kwangu, ni jinsi serikali yenyewe ilivyoenda. Februari 2018 ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na bei ya makaa ikapanda. Septemba mwaka huo huo mafuta taa yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Julai 2021 gesi ikarudishiwa ushuru wa thamani wa asilimia 16, ukashushwa hadi 8 mwaka 2022, ukaondolewa 2023. Yaani kwa muda fulani mama wa kipato kidogo alibanwa milango yote mitatu, kisha akaambiwa apike kwa usafi. Sasa lengo ni kila kaya ya Kenya ipikie nishati safi kufikia 2028. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya kaya zinapikia kuni na zisizofika robo zinapikia gesi.

Upo pia ushahidi unaowapa taabu wanaopiga debe la majiko mapya, na ni haki usemwe. Malawi, utafiti uliofuatilia watoto zaidi ya 10,000 uligawa majiko bora ya kuni, na homa ya mapafu haikupungua. Guatemala, India, Peru na Rwanda, wajawazito 3,200 walishirikishwa na nusu yao wakapewa jiko la gesi na gesi ya bure. Chembe walizovuta zilishuka kutoka kama mikrogramu 70 kwa mita ya ujazo hadi 24, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Wengine huchukua matokeo haya na kusema basi tuacheni na kuni zetu. Mimi nayasoma vingine. Shirika la Afya linataka wastani wa mwaka usizidi 5. Hata 24 bado ni moshi mwingi. Jiko lililoboreshwa nusu, ndani ya mtaa unaofuka, halimtoi mtu kwenye hatari.

Na hapa ndipo penye uzito. Ingia nyumba nyingi za Malindi zenye mtungi wa gesi uone unapika nini: chai, mayai, kupasha kiporo. Maharage, kunde, mbaazi na kitoweo cha nyama ngumu bado viko nje kwenye makaa, kwa sababu maharage yanayotokota saa tatu yangemaliza gesi ya wiki. Wali nao ukikaribia kuiva unapaliwa, makaa juu ya mfuniko na machache chini, na mpishi anaona gesi haitampa ukoko ule. Nyumba hiyo inahesabiwa kuwa imehamia gesi. Kwa mapafu ya anayepika haijahama, maana saa nyingi za moto zimebaki pale pale. Kwa hiyo kipimo changu si nani ana mtungi. Ni maharage yanaiva kwenye nini.

Likitazamwa hivyo, jibu la bei nafuu laweza kuwa umeme kuliko gesi. Presha ya umeme, yaani sufuria ya umeme inayofungwa mvuke usitoke, huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa sana unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kikwazo ni bei ya kununulia hicho chombo, na umeme kukatika. Wali wa kupalia na mkate wa mofa vibaki na moto wake. Dakika chache za makaa uwanjani, penye upepo, si sawa na saa tatu chini ya ngazi.

Amri peke yake siikubali, na mji wa Krakow huko Poland unaonyesha kwa nini. Kule kuni na makaa ya mawe vilichomwa kwenye mitambo ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na wengi waliziona kuni kuwa safi kwa kuwa mti huota tena. Kuota tena kunasaidia hesabu ya kaboni angani. Hakuondoi chembe hata moja kifuani. Tangu Septemba 1, 2019 ni marufuku kuvichoma mjini humo. Lakini kwa miaka kabla ya siku hiyo mji uliwalipia wakazi kubadilisha mitambo, na wenye kipato kidogo wakasaidiwa bili. Msaada ulitangulia, katazo likafuata. Sisi tulianza na katazo.

Kuna jambo halisemwi mabarazani, labda kwa kuwa wanaokaa barazani ni wanaume. Anayevuta moshi mara nyingi siye anayeshika mfuko. Pesa za simu mpya zinapatikana na za presha hazipatikani, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana sitegemei mashauri ya afya peke yake yabadilishe kitu. Chombo kimfikie mpishi mwenyewe, kupitia chama chake cha akiba, alipe kidogo kidogo kama anavyonunua kopo la makaa, na wauza mahamri na wapishi wa shule wawe wa kwanza kwani ndio wanaokaa motoni muda mrefu zaidi. Wachoma makaa wa Witu na Magarini waingizwe kwenye mpango huo kwa miche na soko la mbao za mivinje kabla gunia halijakosa mnunuzi. Kaunti za Lamu na Kilifi huita wananchi kutoa maoni ya bajeti kila mwaka. Waliojaa kumbi kuikataa Kwasasi wajae tena, safari hii wadai fungu la jikoni liandikwe kwa tarakimu.