Nani Aliyewatoa Wazee Sinema?

Makanga wa matatu wa miaka ishirini jijini Nairobi anaita "Odeon, Odeon!" kutwa nzima. Muulize filamu gani iliwahi kuonyeshwa mle, atakucheka. Odeon siku hizi ni steji, Globe ni raundabauti, na Bellevue ni mahali pa kushukia Mombasa Road. Zote zilikuwa sinema.

Nairobi tumezoea kusema sinema ni ya vijana, mtu akipata watoto anaiacha. Ukiingia ukumbi wa Westlands Ijumaa usiku utakubali. Karo, kodi ya nyumba, foleni ya magari, na dada wa kazi anayetaka kwenda kwao wikendi: hayo yanatosha kumfunga mtu wa miaka arobaini kwenye kochi.

Ila kuhesabu vichwa usiku mmoja kunadanganya. Kwanza, sensa ya 2019 ilikuta robo tatu ya Wakenya hawajafika miaka 35, kwa hiyo hata kanisani utakuta vijana ndio wengi. Pili, hesabu hiyo haisemi huyu mzee wa leo alikuwa wapi ujanani. Mjomba wangu alikuwa akienda Fox Drive-In, sinema ya kutazama ukiwa garini, Barabara ya Thika, tayari ana watoto wanne. Wote walijazana kiti cha nyuma na blanketi moja, spika imening'inizwa dirishani. Aliyesinzia alisinzia. Ubaba haukumzuia. Fox ilifungwa, kumbi za katikati ya jiji zikafuata, sinema ikahamia kwenye maduka makubwa ambako yeye hufuata dawa ya presha tu.

Baada ya kizazi chake kuna waliokulia vibanda vya video vya mitaa ya Eastlands, sauti ya DJ Afro ikiwasimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kisha wakahamia simu. Hawa mazoea ya tiketi hawakuwahi kuwa nayo. Wakifika hamsini hawaendi, tutasingizia uzee? Kwangu mimi, mazoea na mahali vina uzito kuliko miaka.

Hata hivyo umri siupuuzi, maana wakati mwingine ndio unaomrudisha mtu. Likizo ya Agosti, kwenye foleni ya katuni, mama mmoja mbele yangu alinunua bisi mfuko mmoja mkubwa, akatoa mkobani bakuli tatu za plastiki na kuwagawia wanawe palepale. Aliniambia mara ya mwisho kuingia sinema alikuwa hajaolewa. Filamu ilipoanza, kicheko chake kilisikika kuliko cha watoto.