Damu ya Juliet Idaiwe Nani?

Mtu wa Lamu akisimuliwa tamthilia ya Romeo na Juliet, swali lake la kwanza huwa: wali wa bibi harusi, yaani msimamizi wake wa ndoa, alikuwa nani? Hakuwapo. Mtawa Laurence aliwaoza vijana kwa siri, wazazi hawana habari, na msichana mwenyewe hajatimiza miaka 14. Katika mji ambako nikaha ina wali na mashahidi wake, kesi imekwisha hapo: mwenye makosa ni mtawa.

Hoja hiyo ina uzito. Laurence ni mtu mzima, msomi, na siri yote iko mikononi mwake. Ndiye aliyempa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti saa 42, na barua ya kumweleza Romeo haikufika kwa kuwa mjumbe alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Hata hivyo, alitaraji ndoa ile ingezima uhasama wa koo mbili, Capulet wa Juliet na Montague wa Romeo, na Lamu yenye mitaa miwili inayoshindana, Mkomani na Langoni, inaelewa tumaini hilo, maana watu wakioleana, wajukuu huwa wa pande zote. Kosa lake zito mimi naliona kaburini. Juliet ameamka, Romeo ni maiti kando yake, walinzi wanakaribia. Mtawa anamsihi waondoke, msichana anakataa, naye anakimbia akimwacha mtoto yule peke yake na jambia analojiulia. Hapo sina la kumtetea.

Lakini ni nani aliyemfikisha Juliet kwa mtawa kuomba dawa? Mwanzoni mzee Capulet, baba wa Juliet, anamwambia mposaji aitwaye Paris asubiri miaka miwili, tena atafute kwanza ridhaa ya binti. Siku hazijapita, anaamua harusi iwe Alhamisi, kisha anairudisha nyuma hadi Jumatano. Juliet anapokataa, baba anamwambia ajinyonge, aombeombe, afe njaa barabarani. Mama anamwambia hana neno naye tena. Yaya, aliyekuwa somo wake na mbeba siri wa ndoa ile, anamshauri aolewe na Paris ilhali mumewe Romeo yu hai uhamishoni katika mji wa Mantua. Milango mitatu imefungwa asubuhi moja. Anayemlaumu mtawa pekee awataje na waliofunga milango hiyo.

Aliyemwuzia Romeo sumu iliyomwua simtii sana hatiani. Alichukua dukati 40 akisema umaskini wake ndio unaokubali, moyo wake haukubali.

Wapo watakaosema ni kadari, na tamthilia yenyewe inafunguliwa kwa habari za nyota mbaya. Kadari naiamini, ila haimfutii mtu dhima. Mtawala wa Verona, mji wa koo hizo, mwishoni anasema wote wameadhibiwa, akijihesabu na yeye kwa kuufumbia macho ugomvi. Papo hapo anaongeza kuwa baadhi watasamehewa na baadhi wataadhibiwa. Nakubaliana naye: lawama ni ya wengi, mafungu hayalingani. Mimi napima kwa mambo mawili, mtu alijua nini na angeweza kuzuia nini.

Kwa kipimo hicho wazee wawili wanatangulia. Mbele ya maiti, Capulet anamwomba Montague mkono, na Montague anaahidi kumsimamishia Juliet sanamu ya dhahabu. Suluhu yao imechukua maneno machache tu, na walikuwa na uwezo wa kuyasema kabla Mercutio, rafiki wa Romeo, na Tybalt, binamu wa Juliet, hawajauawa.