Sukari ya Kisumu, Sukari ya Luanda

Desemba, watu wakirudi kijijini na zawadi za Krismasi, kwenye steji ya matatu mjini Kisumu, mizigo hushinda abiria kwa wingi. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni za mche, leso zilizokunjwa zikawekwa juu kabisa zisije zikalowa mafuta. Makanga anautazama mzigo wako, anautajia bei yake, na nauli yenyewe ilikwisha kupanda tangu wiki iliyopita. Gari linapita Maseno, linafika Luanda, ule mji wa Vihiga, unashuka. Mbele yako kuna duka la jumla lenye sukari ileile uliyoipakata njia nzima.

Ndiyo maana siku hizi wengi wanashauri: acha kubeba vitu, beba pesa. Hoja yao ina uzito. Hulipii mzigo, chupa haikupasukii njiani, na muuzaji wa Luanda, ambaye ndiye humkopesha mama yako mwaka mzima, naye anapata chake. Isitoshe, mama anajua anachokihitaji kuliko wewe. Huenda unga anao, na kinachomnyima usingizi ni mbolea.

Lakini pesa haina sura. Mtumie mama 3,000 pamoja na ya kutolea, uone zitakavyokwenda. Deni la dukani, dawa za mjukuu, mchango wa matanga kwa jirani, na hela kidogo ya kanisa. Hakuna aliyeiba wala aliyeponda raha, ila asubuhi ya Krismasi chai iko kavu na wewe unajiuliza pesa zilikwenda wapi. Leso haipotei hivyo. Inavaliwa kanisani, wenzake wanauliza imetoka wapi, naye anapata kulitaja jina lako mbele ya watu. Swali hilo ni nusu ya zawadi. Na kwa wakwe ndiyo kabisa: nani anakwenda ukweni na ujumbe wa M-Pesa?

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na washauri wa bajeti. Wanasema andika orodha, usitoke nje yake. Sawa, lakini orodha ya Krismasi huku kwetu haiandikwi na wewe. Huandikwa na ukoo. Ukiwa na mashemeji watatu katika boma moja, huwezi kununua leso moja. Ukijaribu, utakuwa umenunua ugomvi wa mpaka Pasaka. Kinachotuumiza basi si sana bei ya kitu, ni wingi wa majina, na majina hayapunguzwi kwa kalamu bila gharama nyingine. Shangazi unayemruka leo ndiye atakayesimamia wapishi siku ukiwa na msiba.

Kilichobaki mikononi mwako ni wakati na mahali. Anayekwenda soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili za Novemba, siku soko linapojaa, anachagua kwa utulivu. Akiwahi alfajiri robota la mitumba likifunguliwa, anapata kamera, nguo za chaguo la kwanza. Anayesubiri tarehe 23 Desemba hukuta fagia, yaani masazo, kwa bei ya kamera, na muuzaji hana haja ya kupunguza kwa sababu anamwona ana haraka. Simlaumu muuzaji. Naye ana mama.

Haraka hiyo ndiyo inayompeleka mtu kwenye Fuliza. Tangu Januari 2019 huduma hiyo inamalizia malipo pale salio linapoishia: inakata asilimia 1 ya ulichochukua, kisha ada ya kila siku inafuata kwa deni lisilolipwa. Lakini ada siyo jambo linalonitisha zaidi. Kinachonitisha ni kwamba pesa yoyote itakayoingia kwenye M-Pesa yako hulipa deni hilo kwanza. Kaka yako anakutumia mchango wa karo wiki ya kwanza ya Januari, na kabla hujasoma ujumbe, zawadi za Krismasi zimeshaula.

Chama kinaonekana kuwa dawa. Kina mama wengi wa huku huweka kidogo kidogo kila wiki, Desemba wananunua kwa bei ya jumla na kugawana sukari, mchele na mafuta. Wanaume nao huchangiana ng'ombe, wakamchinja mkesha wa Krismasi. Mtu mwenye hesabu atasema pesa hizo zimekaa mwaka mzima bila kuzaa, na kwamba mweka hazina huweza kupotea nazo. Kweli yote mawili. Ila pesa iliyoko kwa mweka hazina huwezi kuichota Julai kwa sababu umeona viatu.

Kuna wanaofunga sare za shule na madaftari kuwa zawadi, kwa kuwa Januari vitanunuliwa tu. Nimefanya hivyo. Mtoto alifungua, akasema asante, akaenda kuchezea gari la mti la binamu yake. Siku hizi sare nanunua mapema, naziweka kando kimya kimya, na siku ya Krismasi anapewa mpira.

Sukari nayo nimeacha kuibeba kutoka Kisumu. Lakini nilipojaribu mara ya kwanza kufika nyumbani na bidhaa katika mfuko wa duka la Luanda, jirani aliuliza kama nimeachishwa kazi. Basi sasa naondoka mjini na leso, mpira, na mfuko mtupu wa supamaketi ya Kisumu uliokunjwa vizuri. Nikishuka Luanda naujaza. Mama ameshagundua, maana risiti niliisahau ndani mwaka jana. Aliichoma jikoni, hakusema neno.