Hata bibi yangu anajua: Kiarabu kilichomo ndani ya Kihispania

Mhispania akisema "hasta mi abuela lo sabe", sisi hatuhangaiki kutafsiri: hata bibi yangu anajua. "Hasta" ndiyo "hata" yetu. Neno moja la Kiarabu, hatta, lilikwenda magharibi likafika Andalusia, sehemu ya Uhispania iliyotawaliwa zamani na Waislamu, likashuka kusini likafika pwani ya kwetu, na kote huko likatunza maana zake mbili. Ipo "hata" ya kusisitiza, na ipo ile ya mpaka, tunayoikuta kwenye hadithi za zamani: "wakakaa hata siku moja..." Kwa hiyo "hasta mañana" ni hata kesho, yaani mpaka kesho.

Ukishakutana na neno kama hilo, unajikuta umeshaingia kwenye ugomvi wa Wahispania wenyewe. Mwaka 1948 mwanazuoni Américo Castro alidai kwamba Uhispania wa leo ulizaliwa pale Wakristo, Waislamu na Wayahudi walipoishi pamoja, na kwamba lugha ni shahidi. Mwaka 1956 mwanahistoria Claudio Sánchez-Albornoz akamjibu kwa ukali: mizizi ni ya Kirumi na ya kale zaidi, Waarabu walipita tu juu yake. Wote wawili walikuwa uhamishoni, mmoja Marekani, mwingine Argentina. Labda ndiyo maana waligombana kwa uchungu kiasi kile kuhusu nyumbani.

Wanaomfuata Castro hupenda kutaja hesabu ya mwanaisimu Rafael Lapesa, kwamba maneno ya Kihispania yenye asili ya Kiarabu hayapungui 4,000. Hesabu hiyo inahitaji kufunguliwa. Ndani yake yamo majina ya mahali, kama mto Guadalquivir, ambao ni "wadi al-kabir", bonde kubwa. Yamo pia maneno yaliyokufa. Fundi cherehani zamani aliitwa "alfayate", leo ni "sastre". Daktari wa mifugo alikuwa "albéitar", leo ni "veterinario". Granada, dola ya mwisho ya Waislamu nchini Uhispania, ilipoanguka mwaka 1492 heshima ya Kiarabu iliporomoka nayo. Mwaka 1567 amri ya mfalme Felipe II ilipiga marufuku kukizungumza, na kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu wakafukuzwa nchini.

Halafu kuna swali ambalo sisi Waswahili tunaweza kuliuliza vizuri kuliko wengi: ni maneno ya aina gani yaliyoazimwa? Kiswahili kilichukua vitenzi vya Kiarabu bila aibu: kusafiri, kufikiri, kusamehe, kujibu. Kilichukua hadi sita, saba na tisa. Kihispania kina "seis, siete, nueve", vyote vya Kilatini, na vitenzi vyake vya Kiarabu ni vichache. Kilichochukua kwa wingi ni nomino za sokoni, shambani, nyumbani na ofisini. Sasa, kama Kiswahili kimebeba mzigo wote huo na bado ni lugha ya Kibantu, sioni jinsi Kihispania kitakavyoacha kuwa mtoto wa Kilatini kwa sababu ya "azúcar" na "almohada", yaani sukari na mto wa kulalia. Hapo Sánchez-Albornoz anapata alama.

Lakini neno lililoazimwa halikai juu juu kama vumbi, na hapo ndipo upande wake unapoyumba. Tazama yanayofanana na yetu. "Fulano" ni fulani, hilo halina mjadala. "Barrio", mtaa, limetokana na neno la kitu kilicho nje, na shina lake ndilo lililotupa "bara". Kwao nje ya mji ikawa mtaa, kwetu ikawa nchi kavu yote ng'ambo ya kisiwa. "Aduana", ofisi ya forodha, ni "diwan", na sisi diwani wetu anakaa kwenye baraza la halmashauri, au ni kitabu cha mashairi. "Alcalde", meya, ni kadhi aliyeacha kesi za mirathi na talaka.

Yanayonivutia zaidi ni matatu. "Rehén" ni mateka, na ni ndugu wa rehani: kule aliyewekwa dhamana ni mtu, kwetu ni shamba au mkufu. "Ahorrar" ni kuweka akiba, lakini zamani lilikuwa na maana ya kumwacha mtumwa huru, kwa kuwa shina lake ni "hurr", lilelile lililotupa uhuru. Na "mezquino" ni maskini aliyegeuziwa kibao. Lilianza na maana ya fukara, leo ni bahili mwenye roho ndogo. Ukimwita Mhispania hivyo ukidhani unamhurumia, utajuta.

Lugha iliyopokea maneno ikayafinyanga kiasi hiki haikupitiwa tu na wageni. Ilikaa nao.

Upande wa Castro nao una ugonjwa wake, wa kuona Uarabu kila pembe. Wengi husimulia kwamba "olé", ile kelele ya kushangilia kwenye uwanja wa kupigana na mafahali, ni jina la Mwenyezi Mungu. Federico Corriente, bingwa wa Kiarabu cha Andalusia, aliliweka kati ya yale yanayosingiziwa Uarabu. "Ojalá" ndilo la kweli, ingawa si "inshallah" kama watu wanavyorudia. Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Kihispania inalipeleka kwenye "law sha Allah", na hiyo "law" ni "lau" yetu. Kwa hiyo anayesema "ojalá llueva", inyeshe basi, ameanza na lau Mungu angependa. Na huenda msemaji mwenyewe hajaingia kanisani tangu abatizwe.