Nani aajiri: Dodoma au halmashauri?

Tangazo la ajira za serikali likitoka, habari zinasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla ya jua kuzama. Kijana wa Kigoma aliyeitwa kwenye usaili anapakia bahasha ya kaki yenye vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha chuo, kwa sababu tangazo limesema wazi kwamba hati ya matokeo haipokelewi. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya Dodoma au Dar es Salaam kwa nauli yake mwenyewe. Siku hizi usaili wa mchujo hufanyika hata mikoani, na huo ni unafuu mkubwa.

Anayesimamia kazi hiyo ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Kabla yake, halmashauri ilitangaza, ikasaili na kuajiri yenyewe. Tena sera ya mwaka 1998 ya kuboresha serikali za mitaa iliahidi kwamba halmashauri zitakuwa na mamlaka kamili juu ya watumishi wake. Haikupita hata miaka kumi, sehemu kubwa ya mamlaka hayo ikarudi juu.

Wanaotetea sekretarieti wana hoja nzito, nami naikubali. Wilayani watu wanajuana. Mkurugenzi, diwani na mwombaji wanaweza kuwa wanasali pamoja au wameoleana, na swali la "huyu ni mtoto wa nani?" linajibiwa kabla karatasi ya usaili haijasahihishwa. Mtoto wa mkulima asiye na mjomba ofisini ana nafasi nzuri zaidi mbele ya msaili asiyemfahamu kabisa. Pia kuna suala la vyeti. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliowafichua ni wahakiki wa kitaifa, kwa kulinganisha vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Afisa mmoja wa wilaya, kwa macho yake tu, angewezaje?

Lakini hebu tukae upande wa pili wa meza, kwa afisa utumishi wa halmashauri ya pembezoni. Ameandaa ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika, ameomba kibali cha kuajiri, amesubiri. Hatimaye anapangiwa muuguzi ambaye hajawahi kumwona, naye muuguzi hajawahi kuisikia hiyo wilaya. Anaripoti, anapata cheki namba, yaani namba yake ya kulipiwa mshahara, anaanza kazi. Baadaye inakuja barua ya kuomba uhamisho: anamfuata mwenza wake. Sababu ni ya kweli, na mimi simlaumu mtu kutaka kuishi na familia yake. Ila akiondoka, kumpata mwingine ni kuanza upya na foleni ya kibali cha ajira mbadala, yaani cha kujaza nafasi iliyoachwa, na katika muda wote huo zahanati inabaki na mhudumu mmoja anayezalisha usiku na kugawa dawa asubuhi.

Wenzetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Baada ya Katiba ya 2010, kila moja ya kaunti 47 ina bodi yake ya utumishi wa umma. Waliiona hatari ya ukabila mapema: sheria ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti husika. Hata hivyo, madaktari wao wamekuwa wakidai tume ya kitaifa ya utumishi wa afya, kama walimu walivyo na yao. Kumsogeza mwajiri karibu hakujawaridhisha wote.

Kwa maoni yangu, mtihani na uhakiki wa vyeti vibaki kwa sekretarieti. Kinachopaswa kushuka hadi halmashauri ni kuchagua nani aende wapi. Tayari kuna kanzidata ya waliofaulu wakakosa nafasi. Mtu akiingizwa humo, ataje wilaya anazokubali kufanya kazi kwa miaka kadhaa, na halmashauri ichague kutoka kwa waliozitaja. Hapo upendeleo unabanwa, kwa kuwa hakuna anayechaguliwa bila kufaulu, na wilaya ya pembezoni kama Nkasi au Kakonko inampata mtu aliyejua anakokwenda.

Zipo wilaya ambazo hazitatajwa na mtu, hilo silifichi. Huko utaratibu wa ajira pekee hautasaidia kitu. Itabidi Hazina itoe fedha za nyumba ya mtumishi na posho ya mazingira magumu, na fedha hizo zitengwe kabla ya kibali kutolewa, si baada ya mtumishi kuripoti na kukuta chumba hakina mlango.