Mwenzi Uliyemuua Asifufuke

Kipimo cha gemu inayodai kwamba maamuzi yako yatakufuata hadi sehemu inayofuata ni yule mwenzi usiyejua kama umpende au umwogope. Huyo ndiye anayeharibiwa kwanza.

Mtazame Leliana, mmoja wa wenzi wanaosafiri nawe. Katika Dragon Age: Origins (2009), ukitia damu ya joka kwenye majivu matakatifu, anakugeuka na unaweza kumuua. Fika Dragon Age: Inquisition ya 2014, sehemu ya baadaye ya mfululizo huo: huyo hapo, anaongoza wapelelezi. Maelezo yaliyotolewa baadaye hayakutibu kitu, kwa sababu hasira yake ilikuwa mpaka, na mpaka umefutwa. Viconia naye, mwenzi mwovu wa Baldur's Gate II (2000), anaweza kusogezwa taratibu kutoka kwenye uovu, lakini Baldur's Gate 3 (2023) inamrudisha akiwa adui, kana kwamba safari ile haikuwahi kuwepo.

Chanzo ni gharama. Kila tawi la hadithi lazima liandikwe, lirekodiwe na kujaribiwa, hata kama wachezaji wengi hawatalifikia. Basi studio hubakiza jina na sura, ikatupa uamuzi.

Mass Effect, mfululizo wa gemu za anga za juu, ilipata njia ya bei nafuu zaidi, nayo ni kumweka mtu mwingine kwenye kiti cha marehemu. Katika sehemu ya kwanza (2007), mwenzi wako Wrex, wa jamii ya viumbe waitwao krogan, anakuelekezea bunduki kwenye sayari ya Virmire, maana dawa ya ugonjwa unaozuia uzazi wa krogan iko hatarini kuangamizwa. Humtulizi kwa maneno matamu tu: uwe na alama za kutosha za ushawishi au vitisho, au uwe umeshamletea deraya ya ukoo wake. Akifa, kiti chake cha uongozi wa krogan anakikalia ndugu yake, Wreav. Matukio makubwa yanabaki yaleyale, ila Wreav anataka vita na kisasi, na dawa ileile uliyokuwa ukiitetea inaanza kutisha. (Ukianza sehemu ya 3 bila faili la zamani, kwa kawaida Wrex huhesabiwa amekufa. Wengi hawajui walichokosa.)

Hapo Mordin, mwanasayansi aliyeuboresha ugonjwa huo kisha ukamtesa, anapata uzito wake. Katika sehemu ya 3 (2012), Wrex akiwa hai, Mordin hakubali kuihujumu dawa. Ukitaka ihujumiwe, itabidi umpige risasi, na Wrex akigundua atakujia kulipiza kisasi. Kumwokoa Mordin asife kwenye tukio hilo kunadai Wreav awe ndiye kiongozi, Eve, krogan wa kike anayehitajika kutengeneza dawa, awe amekufa kwa sababu uliharibu data za utafiti wa dawa za Maelon, mwanafunzi wa zamani wa Mordin, kwenye sehemu ya 2, na uwe na sifa za kutosha kumshawishi. Yaani daktari anapona pale tu ulipokwisha kuwapoteza wote waliomfanya aamini kwamba krogan wanastahili kuponywa. Anaondoka akiwa hai, na dawa ni feki.